Maji Yaingie, Lakini Yatoke: Mlango wa Gari na Adui Aliyemo Ndani Yake

Dereva wa jeshi aliye hodari huijua injini yake kama mkulima anavyolijua shamba lake. Akisikia mlio mgeni husimamisha gari, hushuka na kuinama. Lakini mwulize mna nini ndani ya mlango anaoufungua na kuufunga mara arobaini kwa siku, naye atakujibu kuwa mna kioo na kitasa. Jibu hilo si baya, ila limemsahau mkazi wa tatu, tena mwenye kudhuru kuliko hao wawili, naye ni maji.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba mlango wa gari haukutengenezwa ili maji yasiingie kamwe. Mlango ni mabati mawili yaliyounganishwa kingoni: bati la nje, lile lipakwalo rangi na kuonekana na watu, na bati la ndani lenye matundu makubwa ambayo fundi hupitishia mkono. Kati ya mabati hayo pana uwazi ambamo kioo hushuka. Kwa kuwa kioo lazima kipande na kushuka, haiwezekani ufa wake wa juu ukazibwa kabisa. Raba mbili nyembamba hukipangusa, moja upande wa nje na moja upande wa ndani. Mvua inyeshapo, raba ya nje huyazuia maji mengi, na yale yanayosalia huteleza juu ya uso wa kioo hadi kwenye sakafu ya mlango. Huko chini watengenezaji wameacha matundu madogo, mawili au matatu au zaidi, ili maji yadondoke barabarani. Basi mlango ni kama nyumba yenye mfereji: maji yanaruhusiwa kufika, bali hayaruhusiwi kukaa.

Kinachobaki ni kuyazuia maji hayo yasivuke bati la ndani na kuingia alipokaa dereva. Kazi hiyo imekabidhiwa karatasi moja ya nailoni, ambayo hapa kwetu Uganda wengi wataiita kaveera tu. Hubandikwa juu ya bati la ndani, nyuma ya ule ubao uliovikwa kitambaa au ngozi ya bandia ambao mafundi huuita paneli. Ukingo wake wa chini haubandikwi kama kingo nyingine. Huingizwa ndani ya mlango kupitia upenyo mwembamba, ili tone lolote linaloishukia karatasi lirudi ndani na kutoka kwa njia ya matundu. Ni kanuni ileile ya mabati ya paa: la juu hulilalia la chini, wala haliwekwi chini yake.

Sasa, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo ni ya kweli mahali pengi, lakini kwenye mlango wa gari imewaponza madereva wasiohesabika. Dereva huona kapeti imelowa, huinama akaona matundu chini ya mlango, naye hudhani kuwa huko ndiko maji yanakoingilia. Huyaziba kwa puti, kwa sabuni, kwa raba ya kutafuna, hata kwa lami. Mvua inayofuata mlango hujaa kama mtungi. Ukiufunga kwa nguvu utasikia maji yakipigapiga ndani. Wiki chache baadaye kitasa huanza kukwama, mashine ya kioo hupata kutu, na maji yanayokosa mlango wa kutokea huipanda ile karatasi na kumfuata dereva kitini. Ameziba ufa usiostahili kuzibwa, na ule ustahilio ameuacha wazi.

Kutu ni jambo la kustaajabisha kidogo. Chuma, maji na hewa vikikutana, chuma huliwa, na kile kinachozaliwa, yaani kutu, huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotoweka. Ukingo wa chini wa mlango umekunjwa: bati la nje limelikumbatia bati la ndani. Maji huvutwa na kupenya katika mkunjo huo mwembamba kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, na humo hayakauki upesi. Kutu ikianza kuzaliwa ndani ya mkunjo husukuma mabati mawili yaachane, na nafasi mpya huleta maji mapya. Hii ndiyo sababu vile vilengelenge vya rangi uvionavyo chini ya mlango si mwanzo wa ugonjwa. Ugonjwa ulianzia ndani, tena zamani, na vilengelenge ni habari ya msiba iliyochelewa. Fundi anayekwangua vilengelenge hivyo kwa nje, akapaka puti na rangi, amempaka maiti uwanja.

Kwa hali ya nchi zetu, vumbi ndilo msaidizi mkuu wa kutu. Wakati wa kiangazi, gari lililotumwa Karamoja au kwenye barabara yoyote ya murramu hupokea vumbi jekundu kupitia ufa uleule wa kioo. Vumbi hukaa kimya chini ya mlango. Mvua ya kwanza hulifanya tope, jua la siku inayofuata hulifanya tofali, na matundu yamekwisha kuzibika bila mtu yeyote kuyagusa. Kwa hiyo wakati ufaao wa kuisafisha milango ni kabla ya mvua, wala si baada ya kuona kapeti imelowa: Februari na Agosti kwa wenzetu wa kusini na kandokando ya Ziwa Victoria, na Machi kwa wale walioko kaskazini. Kazi yenyewe haizidi dakika tano kwa kila mlango. Chukua kijiti cha mti au kipande cha plastiki, wala usichukue msumari, kwa maana msumari hukwangua rangi pembeni mwa tundu na kuikaribisha kutu pale pale ulipokusudia kuifukuza. Tekenya kila tundu, kisha mimina maji taratibu kwenye ufa wa kioo kwa nje hadi yale yatokayo chini yawe meupe.

Hapo ndipo mpaka wa dereva wa gari la serikali. Kuzibua matundu, kuosha na kukagua raba ni wajibu wake wa kila wiki. Kuufungua mlango ni kazi ya karakana, tena iandikwe katika kitabu cha gari. Nasema hivi kwa sababu askari wetu ni watu wa vitendo, na bisibisi mkononi mwa mtu wa vitendo haitulii. Lakini wengi wenu mnayo magari yenu wenyewe, yaliyonunuliwa kwa akiba ya miaka mingi, mengi yakiwa yamekwisha kutumika Japani kabla ya kupanda meli. Kwa gari lako mwenyewe huna karakana ila ile unayoilipa. Basi yafaa uijue kazi, ama uifanye, ama uweze kumsimamia anayeifanya.

KWANZA MTAFUTE MWIZI

Kapeti iliyolowa si ushahidi wa kutosha dhidi ya mlango. Maji yaweza kuwa yamepita kwenye raba ya kioo cha mbele, au yametoka kwenye bomba la mashine ya ubaridi lililoziba, au raba kubwa inayouzunguka mlango wote imechoka. Raba hii kubwa hupimwa kwa noti au kipande cha karatasi: kiweke juu ya raba, ufunge mlango, kisha ukivute. Kikija kwa ugumu, raba ni nzima. Kikichomoka kama upanga kwenye ala, raba imekufa au mlango umelegea kwenye bawaba. Rudia kila shibiri moja kuuzunguka mlango.

Raba ikiwa nzima, tandika magazeti makavu sakafuni, mtu mmoja aketi ndani na kurunzi, na mwingine amwagie kioo maji kwa nje kwa muda wa dakika kumi. Maji yakichomoza chini ya paneli, upande wa ndani wa raba kubwa, mwizi amekamatwa: ni karatasi ya nailoni. Mara nyingi karatasi hiyo haikuchakaa yenyewe. Iliraruliwa na fundi aliyekuja kutengeneza kioo au kitasa, naye alipomaliza akaitupa, akirudisha paneli peke yake. Gari likamrudia mwenyewe likiwa na kioo kinachopanda vizuri na ugonjwa mpya usioonekana. Wengine huikata kwa kisu ili wafunge spika kubwa za muziki. Muziki ni kitu chema, lakini tundu la spika bila kinga nyuma yake ni bomba la maji lililoelekezwa gotini mwako.

KUUFUNGUA MLANGO

Pandisha kioo hadi juu na ukishikize kwa utepe imara unaonata, uupitishe juu ya fremu pande zote mbili, kwa sababu kioo kisichoshikiliwa chaweza kuanguka na kuukata mkono. Kama gari lina vioo vya umeme, ondoa waya wa betri. Na kama ndani ya mlango au kitini mna waya zenye soketi za rangi ya njano, jua kuwa ni za mfuko wa hewa wa kumkinga abiria. Ngoja dakika kadhaa baada ya kukata betri, na usizichezee.

Skrubu za paneli hujificha: ndani ya mkono wa kuvutia mlango, nyuma ya kikombe cha hendeli, na wakati mwingine chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Zitafute zote kabla ya kuvuta chochote. Mkono wa kuzungushia kioo, kwa magari mengi ya Kijapani, umeshikwa na klipu ndogo ya chuma iliyo nyuma yake. Huhitaji chombo maalumu. Pitisha kitambaa kati ya mkono huo na paneli, ushike ncha mbili, uvute huku na huku kama mpiga viatu rangi, nayo klipu itaruka. Itaruka kweli, kwa hiyo mtu asimame mlangoni kuona inakoangukia.

Baada ya hapo ingiza chombo bapa, kilichozungushiwa kitambaa, kati ya paneli na bati, karibu kabisa na kila klipu. Anayevuta paneli katikati huivunja. Klipu zikiachia, inyanyue paneli juu na uifungue soketi za umeme ikiwa zipo.

Sasa umeiona karatasi ya nailoni, au mahali ilipokuwa. Ikiwa nzima, iachanishe na gundi yake nyeusi kwa kisu kilichopakwa maji ya sabuni, polepole, wala usiivute. Vaa glavu kabla ya kuingiza mkono ndani. Kingo za bati la ndani ni kali kama wembe, tena hukukata unapoutoa mkono, si unapouingiza.

KUIONDOA KUTU

Zoa tope kwa mkono na brashi, osha, kisha uache mlango wazi juani hadi ukauke kabisa. Siku nzima si nyingi. Rangi au nta ikipakwa juu ya unyevu huufungia humo. Kutu iliyo laini iondolewe kwa brashi ya waya na msasa, na ile iliyozama katika vishimo ipakwe dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, ambayo huigeuza kuwa ngozi nyeusi iliyotulia. Dawa hiyo haifanyi miujiza: bati lililotoboka halirudi. Tundu la kutu lenye upana wa kidole lataka kukatwa na kuchomelewa kipande kipya, na yule anayelijaza puti na wavu amejenga sifongo la kunyonya maji.

Juu ya chuma safi ipakwe rangi ya msingi yenye zinki, halafu rangi ya kawaida. Mwisho kabisa ipulizwe nta ya kukinga uwazi wa ndani, ambayo huuzwa kwenye makopo yenye mpira mrefu wa kupulizia. Nta nyembamba huuingia ule mkunjo wa chini, mahali ambapo brashi haifiki. Irudie mara mbili, kisha uyatekenye matundu tena, maana nta nayo huyaziba. Usiipulize kwenye reli za kioo wala pale ambapo gundi ya karatasi itashika.

Wapo wanaomimina oili chafu ya injini mahali pa nta. Ni rahisi, haigharimu kitu, na kwa chuma kitupu haikosi msaada. Lakini mlango umejaa raba, na oili huivimbisha raba na kuilainisha hadi iharibike, mbali na kuchafua suruali ya kila apandaye. Mimi naona ni uchumi wa mtu anayechoma mlango ili aote moto.

Ukiwa ungali ndani, paka grisi reli na meno ya mashine ya kioo, na kitasa nacho. Angalia pia mpira unaokinga waya zinazotoka kwenye nguzo ya gari kuingia mlangoni. Ukiwa umepasuka, maji hufuata waya hadi kwenye soketi. Waya zilizo ndani ziachwe zining'inie kidogo chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondokee pale kwenye upinde, lisipande.

KARATASI MPYA

Karatasi mpya isiwe mfuko wa dukani. Nunua plastiki nene ya wajenzi, ile inayotandazwa chini ya zege ya sakafu. Iweke karatasi kuukuu juu yake na ukate kwa kuifuata. Ikiwa kuukuu haipo, bandika gazeti juu ya bati la ndani, upapase kingo na matundu kwa kidole, na gazeti litakuwa kielelezo chako. (Ukiwa umekwisha kulisoma, gazeti hili latosha mlango mmoja.) Acha nyongeza ya vidole vinne chini, na matundu ya hendeli na mkono wa kioo yawe madogo iwezekanavyo.

Gundi ifaayo ni ule mkanda mnene mweusi wa butili, unaonata na kubaki laini miaka mingi, ili fundi ajaye aweze kuiachanisha karatasi bila kuichana. Uzungushe kwa mfululizo pande zote na juu, bila kuacha nafasi, kwa kuwa maji hayatafuti nafasi kubwa. Jihadhari na silikoni yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi, nayo hula chuma. Chini, kama nilivyokwisha kusema, ukingo uingie ndani ya mlango.

Kabla ya kurudisha paneli, rudia jaribio la maji. Bati la ndani libaki kavu na matundu yatiririke. Paneli yenyewe aghalabu ni hadibodi, yaani ubao wa unga wa mti ulioshindiliwa, nao ukilowa huvimba na kuachia klipu. Ukiwa umeoza, chora mfano wake juu ya plaiwudi ya milimeta tatu, ukate, upake rangi ya mafuta pande zote mbili na hasa kingoni, kisha uhamishe kitambaa chake.

LAND ROVER NI JAMBO JINGINE

Wakongwe wa majeshi na polisi za Afrika ya Mashariki watasema kuwa Land Rover haipati kutu. Gari hilo lilioneshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilipokuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana likavikwa bodi ya aluminiamu. Lakini mlango wake una mifupa ya chuma chini ya ngozi ya aluminiamu, na metali hizo mbili zikigusana penye maji hugombana kama betri ndogo. Aluminiamu hugeuka unga mweupe, na chuma, zinki yake ikiisha, hugeuka unga mwekundu. Ukiona vumbi jeupe chini ya rangi, usilipake juu. Ngozi na mfupa vitenganishwe kwa rangi ya msingi na utepe au gundi ya kuzuia maji kati yao. Modeli za zamani, hadi Series III iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971, zina vioo vya kuteleza kwenye mifereji yenye kitambaa; humo huota kuvu la kijani na kushika maji mfululizo. Kitambaa hicho kibadilishwe, na mfereji wake uwe na njia ya kutolea maji.

NENO KWA POLISI WA VIZUIZI

Mfanya magendo anaujua uwazi wa mlango kuliko dereva. Kwa hiyo wenzetu wa Malaba, Busia na Katuna hawana budi kuzifungua paneli mara kwa mara. Askari anayejua mlango mzima unavyokuwa hahitaji kuifungua kila paneli. Kioo kinachoshuka nusu na kugonga kitu, klipu mpya kwenye paneli kuukuu, gundi mbichi kwenye gari la miaka ishirini, mlango mmoja unaolia mzito kuliko mwenzake ukiugonga kwa vidole: hizo ni sababu za kuuliza maswali. Na kama humo hamkuwa na kitu, mwananchi ana haki ya kuondoka na karatasi yake ya nailoni ikiwa imebandikwa. Katika baadhi ya magari ya siku hizi haki hiyo yagusa uhai, kwani mfuko wa hewa wa ubavuni huamshwa na kipimo kinachohisi hewa ikibanwa ghafla ndani ya mlango wakati wa kugongwa. Mlango uliotobolewa karatasi yake huachia hewa hiyo, na kipimo chaweza kudanganyika.

BAADA YA KUVUKA MTO

Mbele ya maji ya kina, matundu yaliyotengenezwa kutoa maji huyaingiza. Hilo haliepukiki, na asiwepo kamanda atakayeamuru yazibwe kwa ajili ya kivuko kimoja kisha akasahau kuyazibua. Gari likishatoka upande wa pili, milango yote ifunguliwe, gari liinamishwe kidogo upande mmoja na kisha upande wa pili penye mteremko, na dereva apitishe kijiti chake katika kila tundu, maana mto huleta mchanga na majani. Vioo vishushwe na kupandishwa mara mbili tatu ili reli zijisafishe. Siku hiyohiyo, gari likirudi kambini, paneli za chini zipapaswe kwa mkono. Iliyolowa ifunguliwe jioni ile ile, ikaushwe usiku, na asubuhi irudishwe mahali pake.